Mzungu Aliyeongea kwa Sauti ya Shemasi

Laurette alitukanwa kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa Kiswahili safi, mbele ya kanisa zima. Ukitaka kujua mtu anatukanwaje kwa namna hiyo, kwanza ulijue kanisa lenyewe.

Liko ghorofani, juu ya duka la fanicha, katikati ya mji wa Durban. Waumini wake ni Wakongomani na Warundi: watu wa saluni, wa simu, wa kulinda magari. Kiswahili wanakijua wote. Mahubiri, hata hivyo, ni kwa Kifaransa. Chukua mfano wa Papa Ezéchiel, shemasi wao mkuu, ambaye wote wanamwita Papa Diakre. Mtu wa Uvira huyo, huko Kongo, siku nzima yuko dukani kwake anatengeneza simu na kugombana na wateja kwa Kiswahili ambacho kingeweza kumenya viazi. Lakini akivaa suti na kupanda madhabahuni, Kiswahili kinabaki chini kwenye ngazi. Mtu mzito anahubiri kwa Kifaransa na anawekewa mkalimani, hata kama nusu ya kanisa inafahamu Kifaransa kuliko yeye na nusu nyingine haifahamu kabisa.

Mkalimani alikuwa Laurette, na kazi hiyo aliipenda kama wengine wanavyopenda wachumba. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa msichana wa kusuka rasta tu, amesimama nyuma ya kichwa cha mtu mpaka miguu inavimba. Jumapili alikuwa Mkalimani, na akina mama wenye vitenge vya gharama walimpisha njia. Hakutafsiri maneno peke yake. Mhubiri akipangusa jasho, naye anapangusa. Mhubiri akinyoosha kidole, naye ananyoosha. Papa Ezéchiel alikuwa na kikohozi kidogo cha heshima kabla ya kila neno zito, halafu "wapendwa" yenye kuvutwa kama mpira wa suruali. Laurette alivitoa vyote viwili, sawasawa, hata watoto walidhani ni sehemu ya maandiko.

Jumapili hiyo Papa Ezéchiel alianzia Sodoma, akapita Babeli, akateremkia Hollywood. Laurette akamfuata kituo kwa kituo. Shemasi akasema Amerika imewavua nguo wanawake wake na kuwaleta wamesimama sebuleni kwetu. Laurette akasema hivyo hivyo. Shemasi akasema humu mjini kuna saluni ambamo wake za watu wanaonyeshwa uchafu huo huku wakisukwa. Hapo Laurette akatambua ni saluni gani inayosemwa, lakini mkalimani ni kama dereva wa taxi kwenye freeway, hawezi kusimama katikati. Shemasi akaendelea kueleza: mwanamke anatoka kwenye bwawa la kuogelea, hana hata uzi, na chini ya mgongo amechorwa kipepeo, cha buluu, bawa moja limekunjika. Laurette akasema kipepeo. Akasema bawa. Kisha shemasi akakohoa.

"Na binti anayewatafsiria uchafu huo," alisema, kwa Kifaransa cha polepole ili asipotee mtu, "amesimama hapa karibu nami."

Wenye Kifaransa walikuwa wameshageuza macho. Wasio nacho walikuwa wanasubiri. Laurette akainua kipaza sauti.

"Na binti anayewatafsiria uchafu huo," akasema, "amesimama hapa karibu nami."

Hata kikohozi alikuwa amekitafsiri.

Pasta Léonard, mzee asiyependa kelele, alimpokonya kipaza sauti kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa kijana mwingine, Jules, ambaye alitafsiri mahubiri yaliyobaki kana kwamba anasoma maagizo ya dawa ya minyoo. Laurette aliambiwa akae nyuma, karibu na mlango wa choo, mpaka atakapotubu.

Akakaa. Hakulia. Alikuwa anafikiria kile kipepeo, kwa sababu yeye hakukiona.

Na asingeweza kukiona. Saluni ya Yaya Ghislaine, yaani dada mkubwa, huko alikofanya kazi, ilikuwa na televisheni juu ya vioo, na kila Jumamosi waliweka mfululizo mmoja wa Kimarekani ambao wateja waliuita "Ile ya Dokta": daktari mzuri wa sura, mke wake, na nesi mmoja aliyekuwa anawavuruga wote wawili. Wateja wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha, hasa hiki cha Wamarekani, wanaoongea kama wana viazi vya moto mdomoni. Kwa hiyo Laurette alisuka huku akitafsiri, sauti ya kila mtu, ya Dokta, ya mke, ya mbwa. Na sheria ya Yaya Ghislaine ilikuwa moja: nguo zikianza kudondoka, yeye mwenyewe anapanda kwenye kistuli na kuitupia televisheni taulo. Laurette aliendelea kwa kusikia tu. "Sasa wamenyamaza. Muziki umeingia. Mtu anapumua. Simu imelia, Mungu mkubwa." Siku ya bwawa la kuogelea, taulo lilikuwa limeshaning'inia kabla mguu haujatoka majini. Katika saluni nzima hakuna aliyeona kipepeo wala kiwavi.

Wanawake waliokuwepo siku hiyo wote walikuwa kanisani wakati shemasi akichora bawa lililokunjika. Wote walijua. Lakini kusimama useme "sisi hatukuona kipepeo" ni kusema "sisi tulikuwepo", kwa hiyo kila mmoja alipata kitu cha kutafuta ndani ya mkoba wake. Walimwacha abebe peke yake.

Kwa nini shemasi afanye hivyo? Sababu ilikuwa imelala naye kitanda kimoja. Mke wake, Mama Anaïs kwa jina la binti yao, mwenyewe Godelive, Mrundi mpole mwenye nywele nyingi, alikuwa mteja wa Laurette. Na Laurette alikuwa na tabia ya kuongeza maneno yake katikati ya tafsiri. Aliwaonyesha shuka la Kimarekani, namna linavyokatwa kwa akili nyingi: kitanda kimoja, shuka moja, upande wa mwanamke linafika kwapani, upande wa mwanaume linaishia kiunoni. Kwamba mwanamke anaamka amejifunga shuka zima mbele ya mume wake wa ndoa, kana kwamba ni mgeni kutoka Westville kwa matajiri, lakini mwanaume anaamka na suruali tayari, mkanda umefungwa. Na zile sinema kali za kulipia, ndiyo, huko mwanamke anavuliwa yote, anazungushwa kama kuku wa dukani, na jamaa bado ana koti na viatu. Mtu akipigwa risasi ubongo ukamwagika ukutani wanaonyesha wakati watu wanakula; chuchu ikitokea wanaifunika ukungu kama sura ya mwizi kwenye habari. Mteja mmoja wa Kizulu alikuwa amecheka, akasema kwao wasichana wanacheza vifua wazi mbele ya mfalme, mchana kweupe, televisheni inaonyesha, na hakuna mzee anayedondosha miwani.

Godelive aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kwao Chatsworth, akayaweka mezani pamoja na mboga ya sombe. Alimuuliza mume wake, akicheka, kwa nini hata Amerika mwanamke ndiye anavua na mwanaume anabaki na viatu. Papa Ezéchiel hakulipenda lile cheko. Lilikuwa cheko la mtu atakayeuliza swali la pili.

Haya yote Laurette aliyajua kwa vipande, kutoka kwa Godelive mwenyewe. Sasa Godelive alikuwa amekatazwa kuja salunini, na Laurette alikuwa karibu na choo.

Wengine wangetafuta haki. Haki ina njia ndefu, ya wazee na vikao na chai isiyo na maziwa. Laurette alitaka mambo mawili: kipaza sauti chake, na Papa Ezéchiel asiweze tena kufungua mdomo bila mtu kucheka.

Jumamosi iliyofuata Dokta alirudi nyumbani alfajiri, shati limefungwa vibaya, mke anamsubiri jikoni. Mpaka siku hiyo Laurette alikuwa amempa Dokta sauti ya kijana wa redio. Mke akauliza ametoka wapi. Laurette akavuta rasta, akakaza, akakohoa kikohozi kidogo cha heshima.

"Wapeendwa," alisema Dokta. "Nilikuwa kwa mgonjwa."

 Kisha chanuo likamtoka Yaya Ghislaine mkononi, na Yaya mwenyewe akalifuata chini, anacheka hadi anashika mguu wa kiti.

"Laurette," alisema alipopata pumzi, "uko nacheza na moto. Yule ni mtumishi."

"Mi niko natafsiri tu, Yaya."

Toka siku hiyo kila mwanaume wa Amerika aliyebaki na suruali wakati mwanamke anavua aliongea kwa sauti ya Papa Ezéchiel. Wakili, polisi, meya wa mji, yule mwenye hoteli. Wanaume wema walipewa sauti nyingine, ingawa kusema kweli hawakuwa wengi. Laurette aliongeza utamu kila wiki. Alimpa Dokta namna ya shemasi ya kusafisha miwani kwa ncha ya tai, na namna ya kusema "katika roho" anapokosa jibu. "Yule nesi nampenda katika roho," alisema Dokta, na mteja mmoja akaomba apelekwe nje apate hewa.

Sumu ikapanda ghorofani yenyewe. Jumapili Papa Ezéchiel akisimama kutangaza maombi ya Jumatano, akikohoa tu, upande wa wanawake vitambaa vinapanda midomoni. Akasema "wapendwa", mabega yakaanza kutikisika safu kwa safu. Shemasi akaangalia zipu yake. Ilikuwa imefungwa. Jumapili nyingine akaiangalia tena, na kanisa likamwona anaiangalia. Laurette, kule nyuma, aliinamisha kichwa kama mtu anayetubu.

Nywele za mtu, hata hivyo, hazisikii amri ya mume. Zilimwota Godelive kichwani mpaka kilemba kikakataa kukaa, na Jumamosi moja akaingia salunini, akaketi, akasema asukwe haraka. Mwenye roho nzuri angebadilisha chaneli. Laurette alimfunga taulo mabegani akamwambia karibu Mama Anaïs, kisha akatazama chini ya pazia.

Pazia hilo linagawa saluni mara mbili: huku wanawake, kule, kwa mlango mwingine, kiti cha Onesphore, kinyozi Mrundi asiyeongea sana. Chini ya pazia vilionekana viatu, vyenye ncha, rangi mbili, nyeupe na kahawia. Durban nzima ni mtu mmoja ana viatu hivyo. Papa Ezéchiel alikuwa ananyolewa kwa ajili ya kesho.

Laurette akaongeza sauti ya televisheni.

Ilikuwa siku kubwa. Mke wa Dokta alikuwa amepata anwani ya nesi, amepanda lifti, anagonga mlango. Ndani, Dokta akaruka kitandani na kukimbilia kibarazani jinsi alivyozaliwa, ameshika chungu cha maua mbele, nyuma hakuna chungu. Hapo Wamarekani wakaonyesha tabia yao nyingine. Mwanamke akiwa uchi wanapiga violini. Mwanaume akiwa uchi wanapiga tarumbeta, maana huyo ni wa kuchekwa. Kamera ikakaa juu ya makalio ya Dokta kama nzi juu ya embe. Yaya Ghislaine akashika taulo, akapanda kistuli.

"Yaya, acha," alisema Laurette. "Papa Diakre alihubiri juu ya wanawake. Juu ya wanaume hakusema kitu."

Yaya Ghislaine akafikiri, akaona ni kweli, akashuka.

Laurette akakohoa. "Wapeendwa," alisema Dokta, upepo wa ghorofa ya juu ukimpiga. "Msinitazame mimi, mtazameni Bwana. Mke wangu, usinihukumu kwa macho ya mwili. Nimekuja hapa kumwombea huyu dada. Katika roho."

Wanawake walikuwa wameshakufa kwa kicheko. Godelive hakucheka. Alikaa wima, nusu ya kichwa imesukwa, nusu inapiga kelele, anaisikiliza ile sauti aliyoolewa nayo ikitoka kwenye makalio ya Mzungu. Halafu mabega yake yakaanza, kidogo kidogo, na likamtoka cheko refu ambalo hakuna aliyejua anaweza kulibeba.

Pazia likafunguka kwa nguvu mpaka pete moja ikaruka. Papa Ezéchiel alikuwa amesimama na kitambaa cha kinyozi shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, povu kwenye sikio.

"Zima hiyo kitu."

"Iko tatizo gani, Papa Diakre?" aliuliza Laurette, vidole bado kwenye nywele za mke wake. "Huyu ni Dokta."

"Hiyo ni sauti yangu."

"Sasa sauti yako iko nafanya nini ndani ya huyu Mzungu?"

Angenyamaza, angeondoka na heshima ya nusu kichwa. Lakini hasira ilimpanda mahali pabaya, mahali pa mtu anayejua kitu na anaona kinaharibiwa. Alinyoosha kidole kwenye televisheni. Alisema Laurette ni mwongo, hata kutafsiri hajui, Dokta hasemi upuuzi huo pale kibarazani. Pale anamwomba mke wake msamaha, mke anamsamehe, wanahamia Texas, na yule nesi anagongwa na gari.

Tarumbeta ya Wamarekani iliendelea kulia peke yake.

Salunini hapo walikuwa bado hawajafika huko. Mwisho wa ile hadithi ulikuwa haujaonyeshwa kwenye televisheni ya mtu yeyote Durban. Ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, kwenye intaneti, kwa mtu mwenye subira, simu nyingi, na duka lenye mlango wa kufunga.

"Papa Anaïs," alisema Godelive taratibu, bila kugeuza kichwa kwa sababu Laurette alikuwa amekishika. "Kumbe ndiyo hiyo kazi iko nakuchelewesha dukani."

Shemasi alifungua mdomo, akakohoa, na kile kikohozi peke yake kilitosha. Walicheka hata wale waliokuwa wamekasirika. Alitoka na kitambaa cha kinyozi kikimpepea mgongoni, akakimbia hadi kwenye taa za robot za kona, na hapo, kwa kuwa ni mtu wa sheria, akasimama kusubiri taa iwe ya kijani, watu wa taxi wakimtazama upande ule ambao haujanyolewa.

Sasa, unafiki wangemsamehe. Kila mmoja ana mume, na kila mume ana simu. Ila kile kifo cha nesi kiliwauma. Walikuwa wamemfuata yule nesi tangu mwanzo, wamemlaani, wamemwonea huruma, wamebishana juu ya nywele zake kama ni zake, na mtu mwenye povu sikioni anakuja kumuua kwa sentensi moja. Aibu iliyokuwa imewafunga midomo ikaondolewa na hasira. Wiki hiyo hiyo walimwendea Pasta Léonard wakiwa kundi, Yaya Ghislaine mbele, wakasema waziwazi kwamba ndiyo, wanaangalia, na kwamba palikuwa na taulo, na kwamba kipepeo kile alikiona mtu mmoja tu katika kanisa hilo.

Pasta Léonard akaita wazee. Wakanywa ile chai. Wakaamua kwamba Papa Ezéchiel atasema neno Jumapili, fupi, la amani, na Laurette atarudi kwenye kipaza sauti chake. Papa Ezéchiel akaomba kitu kimoja: neno lake alitoe kwa Kifaransa, asishushwe hadi Kiswahili mbele ya watoto wake. Wazee wakaona ni ombi dogo, wakakubali.

Jumapili shemasi alipanda, kichwa chote kimenyolewa sasa, kinang'aa. Laurette akapanda nyuma yake, akasimama mahali pake, akakipuliza kipaza sauti.

Papa Ezéchiel akasema, kwa Kifaransa kizuri kuliko siku zote, kwamba huenda siku zilizopita maneno fulani yalieleweka kwa namna isiyokusudiwa.

Laurette hakuinua kipaza sauti.

"Hapo sijafahamu, Papa Diakre," alisema kwa adabu. Mkalimani ana haki hiyo, asipofahamu, anauliza. "Maneno gani?"

Shemasi akasema, maneno juu ya dada mmoja.

"Dada gani?"

Shemasi akamtazama Pasta Léonard. Pasta alikuwa anatafuta ukurasa kwenye Biblia na ukurasa haukuwa unapatikana. Kwenye safu ya mbele Godelive alikaa na binti yao, rasta zake zimekamilika, macho sakafuni. Laurette alimwona. Alimwona vizuri sana.

"Juu yako wewe, Laurette," alisema Papa Ezéchiel, na Kifaransa kilikuwa kimekwisha.

"Ulisema nini juu yangu?"

Chini, watu wa duka la fanicha walisikika wakivuta kabati.

"Nilisema uongo."

Kila mtu alikuwa amesikia. Pasta Léonard aliinua kiganja, ishara ndogo, ya kwamba binti yangu, imetosha. Godelive naye aliinua macho, na yalikuwa yanaomba jambo lile lile.

Laurette akainua kipaza sauti. Akasafisha koo, kikohozi kidogo, cha heshima.

"Wapeendwa," alisema kwa sauti nzito ya Papa Ezéchiel, ikajaa ukumbi hadi dirishani. "Nilisema uongo juu ya Laurette."

Kisha akaisema kwa Kifaransa, kwa ajili ya wageni waliokuja siku hiyo kutoka Johannesburg, wasio na Kiswahili. Na kwa kuwa karibu na mlango walikuwepo wasichana wa Kizulu waliokuja na rafiki zao, akaisema na kwa Kizulu, alichokijua kidogo tu, polepole, akitafuta kila neno.